Vipaji vya soka Katavi vyapotea kwa kukosa daftari

JUA linapoanza kuteremka upande wa Ziwa Tanganyika, viwanja vya mji wa Mpanda hubadilika sura. Kuanzia Makanyagio hadi Kawajense, kutoka Nsemulwa hadi Ilembo, vijana huacha shughuli za mchana na kukusanyika penye eneo lolote lililo wazi. Baadhi huwa na viatu vya mpira, wengi huwa peku, na mpira mmoja hugombewa na watu wapatao 30. Waliozoea huuita mchezo huo chandimu, na hakuna anayejali iwapo refa yupo au hayupo.

Hapo ndipo kandanda ya Mkoa wa Katavi inapozaliwa. Wapo watoto wa miaka 11 wanaomiliki mpira kwa namna ambayo humfanya mpita njia aegeshe baiskeli yake na kutazama. Hakuna mdau wa soka aliyewahi kufika huko akarudi na habari kwamba vipaji havipo.

Swali gumu ni lile linalofuata. Mtoto huyo akifikisha miaka 17, akapanda treni au basi kwenda Dar es Salaam kufanya majaribio, na kwa bahati akasajiliwa, fomu itamtaka aeleze alichezea klabu zipi kabla ya hapo. Mara nyingi nafasi hiyo hubaki tupu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za soka, kijana huyo anakuwa amezaliwa siku hiyo hiyo, akiwa tayari na miaka 17. Miaka yote aliyofundishwa, kuvishwa jezi na kununuliwa chapati baada ya mazoezi na mtu fulani wa Mpanda inakuwa haikuwapo.

Makala haya yanajaribu kueleza mpango wa vijana katika klabu ya soka ni kitu gani hasa, unafanyaje kazi, na kwa nini mkoa kama Katavi unaweza kuendelea kutoa vipaji kwa miaka mingi bila kupata chochote, kwa sababu ambayo haihusiani sana na nyasi wala majukwaa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hapa nchini huchanganywa kila mara, yaani timu ya vijana na mpango wa vijana. Timu ya vijana hukusanywa wiki mbili kabla ya mashindano, hupewa jezi, hucheza, hutolewa au hutwaa kombe, kisha kila mmoja hurudi kwao. Mpango wa vijana hauna siku ya fainali. Ni ratiba ya mwaka mzima, yenye makundi ya umri yanayofuatana, kwa kawaida chini ya miaka 13, 15, 17 na 20, ambamo mtoto huhama kutoka kundi moja hadi jingine akiwa na watu wanaomfahamu.

Kila kundi lina kazi yake. Chini ya miaka 13 mtoto anatakiwa auguse mpira mara nyingi iwezekanavyo, ndiyo maana walimu waliosomea hupunguza wachezaji wakawa watano kwa watano au saba kwa saba, na kupunguza pia ukubwa wa uwanja. Mtoto wa miaka kumi anayecheza 11 kwa 11 katika uwanja wa wakubwa hushinda akikimbia tu, na akipewa nafasi ya beki wa pembeni anaweza kumaliza mchezo akiwa amegusa mpira mara tano. Kati ya miaka 13 na 15 huja mbinu za pamoja na nafasi za uwanjani. Baada ya hapo nguvu na kasi huanza kujengwa kwa uangalifu, maana mifupa bado inakua. Kijana wa miaka 18 anayefundishwa kwa mara ya kwanza namna ya kupokea mpira akiwa amefungua mwili amechelewa, hata kama ana mbio kuliko wenzake wote.

Jambo hilo ndilo linaloeleza malalamiko tuliyoyasikia kwa miongo mingi kutoka kwa makocha wa kigeni wa Taifa Stars, kwamba wanapokea wachezaji wenye vipaji ambao bado wanahitaji kufundishwa mambo ya msingi. Tanzania ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 nchini Nigeria, kisha ikasubiri miaka 39 hadi 2019 nchini Misri. Sababu za ukame huo ni nyingi, lakini kukosekana kwa malezi ya vijana hutajwa karibu na wote wanaofuatilia mchezo huu.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na shule na mashirika ya umma. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ilikuwa soko la wazi la vipaji, na klabu zilizofadhiliwa na viwanda, reli na majeshi zilikuwa na ajira ya kumpa kijana aliyefanya vizuri. Ndiyo maana mji mdogo kama Tukuyu uliweza kutoa bingwa wa nchi, pale Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa mwaka 1986. Mashirika yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya 1990, klabu nyingi zilikwenda nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikasimamisha kwa muda mashindano ya michezo ya shule, na kizazi kizima kikapita darasani bila kuonekana na yeyote. Mashindano hayo yalirejea, lakini hufanyika kwa majuma machache kwa mwaka, na kwa vipimo tulivyoeleza hapo juu hayo ni mashindano ya timu za vijana.

Ndivyo yalivyokuwa pia mashindano ya Copa Coca-Cola ya vijana chini ya miaka 17, yaliyoanza nchini mwaka 2007 kwa timu za mikoa. Yaliibua makinda wengi na yastahili sifa zake. Lakini kijana wa Mpanda wakati huo alikuwa mkazi wa Mkoa wa Rukwa, ambao makao makuu yake yako Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwao, na njia yake ilipita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kuitwa kwenye kikosi cha mkoa kulihitaji nauli, ruhusa ya mzazi na mtu wa kumpokea.

Katavi ilipata hadhi ya kuwa mkoa mwaka 2012. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 45,800. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Yaani idadi ya wakazi imeongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi. Wengi wamehamia wakifuata mashamba ya mpunga, tumbaku na mahindi, malisho ya ng'ombe na machimbo madogo ya dhahabu. Ni mkoa wa watu vijana, na wapo pia wakazi wa Katumba na Mishamo wenye asili ya Burundi waliopewa uraia, ambao watoto wao wamezaliwa na kukulia hapa. Kwa lugha ya soka, uwanja wa kuchagulia wachezaji umepanuka maradufu huku ngazi ya kupandia ikibaki ile ile.

Ngazi yenyewe ni ndefu. Klabu ya Mpanda huanzia ligi ya wilaya, ikashinda huenda ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wenzake wa nchi nzima kugombea nafasi ya kupanda hadi daraja ambalo miaka mingi liliitwa la pili, kisha lililoitwa la kwanza, ambalo tangu mwaka 2021 linaitwa Championship, ndipo Ligi Kuu. Tangu uanzishwe, Mkoa wa Katavi haujawahi kuwa na klabu ya Ligi Kuu. Mara iliyosogea karibu zaidi kwa upande wa kusini ilikuwa msimu wa 2020/21, Tanzania Prisons ya Mbeya ilipohamishia mechi zake za nyumbani katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Kwa upande wa kaskazini, Tabora ilikuwa na Rhino Rangers msimu wa 2013/14, na mwaka 2023 ikapandisha Tabora United.

Msomaji wa mjini anaweza kudhani kwamba kukosa klabu ya Ligi Kuu ni kukosa burudani ya Jumamosi tu. Madhara yake ni makubwa zaidi ya hapo. Kanuni za leseni za klabu za Shirikisho la Soka Afrika (CAF) huitaka klabu inayoshiriki michuano yake iwe na timu za vijana, na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) limeweka sharti kama hilo kwa klabu za Ligi Kuu, ambazo vikosi vyao vya chini ya miaka 20 vina ligi yao. Hivyo mashindano ya maana ya vijana hapa nchini yamefungwa katika klabu za ngazi ya juu. Mkoa usio na klabu huko juu hauna hata kijana mmoja anayecheza ligi hiyo akiwa nyumbani kwao. Ili acheze lazima ahame, na akihama akiwa na miaka 16 au 17 anakwenda kuwa mgeni katika mji ambao hana ndugu.

Zipo klabu zinazoonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Azam FC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008, ilijenga makao yake Chamazi na kuanzisha akademi ambamo vijana huishi na kusoma. Miaka sita baada ya kupanda ilitwaa ubingwa. Kutoka akademi hiyo Farid Mussa alikwenda CD Tenerife ya Hispania mwishoni mwa mwaka 2016, Shaaban Idd Chilunda akamfuata mwaka 2018, naye Novatus Dismas akapita Israel na Ubelgiji hadi kufika Shakhtar Donetsk ya Ukraine mwaka 2023. Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoani Morogoro, haina utajiri wa Azam, lakini kwa miaka mingi imelea yosso wake ndani ya eneo la kiwanda cha sukari na imetwaa ubingwa wa ligi ya vijana chini ya miaka 20 zaidi ya mara moja. Wachezaji waliolelewa huko wamekuwa wakichukuliwa na vigogo wa Dar es Salaam karibu kila msimu.

Mfano unaoifaa zaidi Mpanda, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni Alliance ya Mwanza. Pale shule ilitangulia, timu ikafuata. Watoto waliingia darasani asubuhi na uwanjani jioni, chini ya uongozi mmoja, na mwaka 2018 timu yao ikapanda Ligi Kuu, ambako ilidumu misimu miwili. Wapo wanaoihesabu kushuka huko kuwa ni kushindwa. Lakini shule haishuki daraja.

Sasa tufike kwenye fedha, maana ndipo daftari tulilolitaja katika kichwa cha habari linapohusika.

Tangu mwaka 2001 kanuni za uhamisho za Shirikisho la Kimataifa la Soka (FIFA) zimeweka malipo ya aina mbili kwa klabu zilizomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Hulipwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, na tena anapohama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kumalizika kwa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. Ya pili ni mchango wa mshikamano. Huu hauna kikomo cha umri. Kila mara mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia tano ya ada ya uhamisho hukatwa na kugawanywa kwa klabu zote zilizomsajili kuanzia mwaka wa kalenda aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23.

Mgawanyo wake uko hivi. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 huipatia klabu husika asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya miaka 16 na 23 asilimia 0.5. Ukijumlisha miaka yote 12 unapata ile asilimia tano.

Fidia ya mafunzo mara nyingi itaipita Mpanda pembeni. Kijana wa Katavi kwa kawaida husaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa hapa hapa nchini, ambako kanuni za ndani ndizo zinazotumika, na akiuzwa nje baadaye fidia humwendea klabu ya mwisho aliyoichezea. Mchango wa mshikamano ni tofauti, kwa sababu humfuata mchezaji maisha yake yote ya soka na hurudi nyuma hadi mwanzo.

Tuchukue uhamisho ambao Watanzania wengi wanaukumbuka. Januari 2020 Mbwana Samatta aliondoka Genk ya Ubelgiji na kujiunga na Aston Villa ya Uingereza kwa ada ambayo vyombo vya habari vya huko viliikadiria kati ya pauni milioni 8.5 na milioni 10. Asilimia tano ya kiasi hicho ni kati ya pauni 425,000 na 500,000. Msimu mmoja tu wa kumlea mtoto wa miaka 13, kwa uhamisho wa ukubwa huo, una thamani ya zaidi ya pauni 21,000. Klabu ya mtaani iliyomfundisha mtoto wa namna hiyo kwa misimu minne ingeweza kununua eneo, kulizungushia ukuta na kubakiwa na fedha za mipira.

Samatta ni mmoja, na hakuna busara kuandaa bajeti kwa kumtegemea Samatta mwingine. Basi tuweke mfano mdogo. Tuseme kijana wa Mpanda ameandikishwa katika klabu ya mtaani kwake tangu miaka 12 hadi 17, akaenda Dar es Salaam, na akiwa na miaka 21 akauzwa nje kwa dola 200,000 za Marekani. Misimu minne ya mwanzo inaipa klabu yake ya Mpanda asilimia moja, na misimu miwili ya miaka 16 na 17 inaipa asilimia nyingine moja. Hizo ni dola 4,000, takriban Sh10 milioni kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni. Kwa klabu ya ligi ya wilaya, ambayo nauli ya kwenda kucheza Inyonga au Karema, kote zaidi ya kilomita 100, ni kikao cha siku mbili, hizo si fedha za kudharau.

Lakini ili zilipwe, masharti hayana huruma. Klabu iwe imesajiliwa na kutambulika kupitia chama cha soka cha wilaya na cha mkoa hadi TFF. Mtoto awe ameandikishwa kama mchezaji wa klabu hiyo, hata kama ni mchezaji wa ridhaa asiyelipwa chochote, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza ionekane. Tangu Novemba 2022 FIFA imeanzisha chombo maalumu cha kupitisha malipo haya, chenye makao yake Paris, ambacho hukusanya kumbukumbu za kielektroniki za usajili kutoka mashirikisho ya nchi na kutengeneza pasipoti ya mchezaji. Kabla ya hapo klabu ndogo ilihitaji mwanasheria na subira ya miaka kudai haki yake. Sasa mfumo wenyewe huitafuta klabu, mradi jina la klabu limo ndani ya mfumo.

Kama halimo, mfumo hauoni kitu. Kituo cha kulea vipaji kisichokuwa mwanachama wa ngazi yoyote ya TFF, hata kikiwa na kocha hodari na watoto 200, kwa macho ya kanuni ni mkusanyiko wa marafiki. Na misimu ambayo hakuna klabu iliyothibitisha kuwa ilimlea mchezaji haibaki hewani. Kanuni zimetoa njia ya fungu hilo kwenda kwa shirikisho la nchi ili litumike kuendeleza vijana. Fedha za jasho la Nsemulwa, kwa maneno mengine, zinaweza kuishia makao makuu.

Mbona basi watoto hawaandikishwi? Sababu moja ni kwamba klabu nyingi za madaraja ya chini hufanya usajili siku chache kabla ya ligi, na husajili watu wazima tu, kwa kuwa ligi yenyewe haina kundi la watoto. Nyingine ni gharama na umbali, maana kuingiza majina katika mfumo wa kielektroniki kunahitaji mtu mwenye ujuzi, kifaa na intaneti. Ya tatu haisemwi hadharani sana, nayo ni umri.

Kumbukumbu ya mapema humfunga mtu. Mtoto aliyeandikwa akiwa na miaka 12 hawezi kuwa na miaka 15 baada ya miaka mitano. Nchi hii inajua uchungu wa jambo hilo. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, iliondolewa katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia kwa kosa la kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Miaka 12 baadaye gurudumu likageuka. Kongo Brazzaville iliyokuwa imetutoa katika mchujo iliondolewa kwa suala la umri wa mchezaji wake, na Serengeti Boys ikaenda Gabon mwaka 2017 kuchukua nafasi hiyo. Siku hizi mashindano ya chini ya miaka 17 hutumia picha za kipimo cha MRI kwenye kifundo cha mkono, kipimo ambacho hakisikilizi ushahidi wa shangazi.

Kwa Katavi tatizo si udanganyifu peke yake. Familia nyingi za wafugaji na wakulima wanaohamahama zimezalia watoto nyumbani, mbali na zahanati, na cheti cha kuzaliwa hutafutwa mtoto anapokihitaji, mara nyingi akiwa tayari kijana. Tarehe inayoandikwa wakati huo hutegemea kumbukumbu ya mama kuhusu msimu wa mvua. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ulianza mwaka 2013, mkoani Mbeya, mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano karibu na wanakoishi, na mpango huo umekuwa ukienezwa katika mikoa mingine. Klabu inayomwandikisha mtoto wa miaka kumi na kumsukuma mzazi wake akatafute cheti inamfanyia mtoto huyo jambo litakalomfaa hata kama hatapiga mpira tena maishani.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Palipo na vipaji bila kumbukumbu hutokea watu wanaojiita mawakala. Humwahidi mzazi kwamba mwanawe atapelekwa Ulaya au Uarabuni, wakaomba fedha za pasipoti na tiketi. Kila mzazi wa Mpanda, Usevya au Majimoto ajue kwamba kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhama kwa sababu zisizohusiana na soka. Mtu anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 kucheza Hispania anaahidi jambo lililokatazwa. Klabu yenye mpango wa vijana humfahamu mzazi, huwa na namba yake ya simu na sahihi yake ya ridhaa, na mtu wa namna hiyo hukutana na ukuta.

Hadi hapa tumezungumzia wavulana, kama kawaida ya kurasa za michezo. Takwimu moja inatosha kueleza kwa nini Katavi haina haki ya kuishia hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na ujauzito wa kwanza, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Mpira hautibu tatizo hilo. Lakini msichana wa miaka 13 mwenye mazoezi siku tatu kwa wiki, kocha anayeuliza kwa nini hakuja, na wenzake 20 wanaomngoja, anakuwa na watu zaidi wanaojua yuko wapi.

Na kwa upande wa soka lenyewe, wasichana ndio waliotufikisha mbali zaidi. Serengeti Girls walicheza fainali za Kombe la Dunia chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, ikiwa ni mara ya kwanza kwa timu ya Tanzania kufika fainali za dunia za FIFA katika soka la uwanjani. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, na wakafika robo fainali walikotolewa na Colombia. Aidha, CAF sasa huzitaka klabu zinazoshiriki michuano yake ziwe na timu ya wanawake. Klabu ya Mpanda itakayoanza na wasichana itakuwa imejipatia hazina ambayo klabu kubwa zitaitafuta, na ushindani katika eneo hilo bado ni mdogo.

Je, klabu ya kawaida ya Mpanda, isiyo na tajiri wala kiwanda, inaweza kuanzia wapi? Haiwezi kuanza na bweni kama la Chamazi, wala haina haja. Watoto wake wanalala kwao na wanasoma shule za jirani. Inachohitaji ni makubaliano na shule mbili au tatu za kata yake, ili kiwanja na vipindi vya jioni vitumike kwa ratiba. Mwalimu wa michezo wa shule akiwa ndiye kocha wa klabu, nusu ya kazi imekwisha, kwa kuwa anajua maendeleo ya mtoto darasani na anaijua nyumba yake.

Kocha huyo asomeshwe. Kozi za awali za ukocha na zile za kufundisha watoto wa miaka sita hadi 12 huendeshwa na TFF mara kwa mara, lakini nyingi hufanyika mbali na Katavi, na gharama kubwa ni nauli na malazi kuliko ada. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda, iliyokamilika mwanzoni mwa muongo huu, imepunguza udhuru wa zamani kwamba wakufunzi hawawezi kufika. Kozi moja iliyoletwa Mpanda kwa walimu 30 ina faida kuliko kumpeleka mmoja Dar es Salaam na kungoja arudi, maana wengine huwa hawarudi.

Halmashauri nazo zina nafasi. Mbeya City, iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza. Manispaa ya Kinondoni ikafuata na KMC mwaka 2018. Tatizo la mfano huo ni kwamba fedha za umma huvutwa na matokeo ya timu ya wakubwa, na baraza la madiwani likibadilika mapenzi hubadilika nalo. Kwa Manispaa ya Mpanda ingekuwa nafuu, na pengine busara zaidi, kuanza na ligi ya manispaa ya chini ya miaka 13 na 15 inayochezwa miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, kuliko kuanzisha timu ya kugombea kupanda daraja. Ligi hiyo ingezilazimisha klabu kuandikisha watoto, maana hakuna anayecheza bila kadi.

Hakuna anayeweza kusema kwamba soka la Tanzania halina fedha kabisa. Mkataba wa haki za matangazo ya televisheni uliosainiwa mwaka 2021 kati ya TFF na Azam Media ulikuwa wa Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi. Fedha hizo zimeinua klabu za juu na kuzipa uwezo wa kusajili nje, na katika kipindi cha miaka michache idadi ya wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa kwa klabu ilipanda kutoka watano hadi 12. Ligi imenoga, hilo halina ubishi. Lakini kila nafasi inayochukuliwa na mgeni aliyekamilika inaongeza kiwango anachotakiwa kufikia kinda wa Kitanzania ili aonekane, na kinda ambaye hakufundishwa mapema ndiye wa kwanza kuachwa. Yule wa Katavi anaanza safari hiyo akiwa mbali zaidi kuliko mwenzake wa Temeke.

Kwa klabu iliyo tayari, mambo ya kuandika ni machache: jina kamili la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya cheti, picha, jina na sahihi ya mzazi au mlezi, shule anayosoma na tarehe aliyojiunga. Siku akiondoka, iandikwe na tarehe hiyo. Kisha yote yapelekwe chama cha soka cha wilaya yaingizwe katika mfumo wa TFF, na nakala ya karatasi ibaki mahali ambapo katibu akibadilishwa haitaondoka naye. Klabu nyingi za zamani zilizikwa pamoja na sanduku la katibu.

Hesabu ya FIFA huanza katika mwaka wa kalenda ambao mtoto anatimiza miaka 12. Waliozaliwa mwaka 2015 wanatimiza umri huo mwaka 2027, mwaka ambao fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zimepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Wengi wao jioni hii wako uwanjani Kawajense.